Pikapu ya Baba na Kisanduku cha Kuzuia Kuteleza

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Mimi ndiye niliyemvunja mama mfupa wa bega.

Baba alituachia pikapu nyepesi ya kubebea kahawa kutoka Maguu hadi mjini Mbinga. Injini yake ilikuwa imechoka. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini, na magari ya mtumba kutoka Japani yakawa yanaonekana hata kwetu. Moja lilipinduka njia ya Songea, gari dogo la kukimbia, nami nikapata injini yake yenye turbo. Nguvu yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya zamani. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvitazama, na kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi pembeni. Kuifunga ile injini kulinichukua miezi minne. Kila nati niliikaza, nikailegeza, nikaikaza tena, kwa sababu nikiwa na shaka na nati chakula hakipiti. Ilipowaka, nilijiona mtu.

Sikufikiria tairi. Pikapu isiyo na mzigo haina uzito nyuma, na nguvu yote inakwenda huko. Siku ya kwanza ya mvua nilikuwa nampeleka mama misa mjini. Kwenye kilima cha Kitura nilikanyaga mafuta kidogo tu, tairi za nyuma zikazunguka bure kwenye udongo mwekundu, gari likageuka ubavu na kujigonga kwenye kingo. Mimi sikuchubuka hata kidole. Mama alitoka ameukumbatia mkono wake, akakaa kwenye nyasi.

Hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Alichofanya ni kutoingia tena kwenye gari lile. Alipanda lori la kahawa au alitembea. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba gari la marehemu mumewe lilikuwa na adabu, hili la mwanawe lina wazimu. Jirani alicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nikarudi nilikotoka.

Kisha dada yangu, aliyeolewa Ngumbo kule ziwani, akajifungua. Mtoto alikuwa mjukuu wa kwanza wa mama. Ubatizo ulipangwa katikati ya masika, wakati malori mengi yanakataa kushuka. Mama akatangaza kwamba atakwenda kwa miguu. Ni mwendo wa siku mbili, tena kwa mtu ambaye bega lake liliunga vibaya kwa sababu yangu. Nilijua hatanii. Nilikuwa na wiki tano za kumfanya aliamini gari.

Habari za kisanduku cha kuzuia tairi kuteleza nilikuwa nimezisoma kwenye ukurasa wa jarida la magari uliokuja umefungia vipuri. Mfanyabiashara wa vipuri Dar es Salaam aliniagizia, kikafika kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha sala. Kazi yake ni rahisi kueleza: waya zake zinakwenda kwenye magurudumu na kuhesabu mizunguko. Magurudumu ya nyuma yakikimbia kuliko ya mbele, maana yake yanateleza, basi kisanduku kinakata moto wa plagi kwa vipindi vifupi mpaka yatulie. Kinapofanya hivyo, kitaa chekundu kinawaka. Kina pia kitufe cha kuzungusha, chenye alama moja hadi kumi. Moja haivumilii utelezi wowote. Kumi inakuachia ufanye unavyotaka.

Kila gurudumu lilihitaji sumaku ndogo nne zilizogandishwa kwa gundi, na kifaa cha kuhisi, sensa, cha kuzihesabu zikipita. Nilizigandisha, nikapima nafasi, nikazibandua. Gurudumu la kushoto nyuma nililirudia mara saba. Waya nililehemu kila kiungo kwa bati, nikavisha mpira, nikavua mpira kuangalia kama bati bado liko.

Kwenye banda nililofanyia kazi alikuwa anapita mzee mmoja, dereva wa lori la kahawa, kujaza upepo. Alisimama akanitazama muda mrefu.

"Dogo, hicho kitabu cha sala umekifungia nini humo?"

Nikamwambia kinazuia tairi kuteleza.

"Kwa hiyo kinasali wewe ukiendesha."

Siku ya majaribio nilizungusha kitufe hadi moja. Kwangu mimi hapakuwa na jibu lingine. Mama aliumia kwa sababu ya kuteleza, basi gari langu halitateleza tena hata unywele. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikakipanda kilima cha nyuma ya soko. Kitaa kikawaka, gari likakohoa, likakohoa tena, likazima katikati ya mlima na kuanza kurudi kinyumenyume. Nikalishika kwa breki ya mkono. Watu waliokuwa wanatazama kutoka chini wakapiga makofi, na yule mzee akasema, "Limeacha kuteleza kweli. Limeacha na kutembea."

Niliamini kosa liko kwenye mikono yangu. Nikafungua kila kitu. Kwa siku tatu nililehemu upya viungo ambavyo havikuwa na ubaya wowote, na kila nilipojaribu gari lilizimia palepale. Sasa nakiri kwamba siku ya tatu nilikaa chini ya pikapu nikalia, huku najifanya nafunga ekzosi.

Nilikwenda shambani kumwambia mama ukweli, kwamba sitaweza. Alikuwa analima ngolo, yale mashimo yetu ya mraba mlimani ambayo wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake hufukia kwa udongo. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilimwamkia kutoka juu, nikaanza kushuka kwenye matuta yaliyo katikati ya mashimo, na kabla hajaitikia vizuri nilikuwa nimekaa ndani ya shimo la tatu, matope hadi mgongoni.

Mama aliegemea jembe. "Shuka tena. Nataka kuona ulivyofanya."

Nikashuka tena, nikaanguka tena. Yeye akapanda hadi nilipokuwa, na bega lake lile, peku, akashuka mbele yangu taratibu. Nikautazama mguu wake. Kila hatua kisigino kiliteleza kama upana wa vidole viwili, tope likatoka pembeni, kisha kikashika.

"Wewe unaukaza mguu," alisema. "Hutaki uteleze hata kidogo, tope linabaki chini yake, basi unakanyaga tope juu ya tope. Uache uteleze kidogo, uufikie udongo mgumu."

Sijui kama alielewa kwa nini nilisimama nikiwa nimeduwaa. Kisanduku kilitengenezwa na watu wa barabara za lami, ambako tairi halihitaji kuteleza. Kwetu tope hujaza meno ya tairi, na tairi lazima lizunguke kidogo kulitema. Waya zangu zilikuwa nzima tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kile kitufe, yaani mimi.

Kwenye alama ya nne gari lilipanda huku likikohoa. Kwenye ya saba nyuma kulianza kuyumba. Kwenye ya sita lilipanda kilima chote, kitaa kikiwaka na kuzima, tairi zikitema tope pembeni. Mara mbili mkono wangu ulitaka kukirudisha kitufe kwenye moja. Niliukalia.

Nilimwomba mama aje atazame tu. Alikuja na mwavuli, akasimama juu ya kingo, akanitaka nipite mbele yake mara nne. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama tairi la nyuma. Mwishowe akasema, "Sasa linatembea kama mtu mwenye mzigo kichwani," akarudi nyumbani. Sikujua kama hiyo ni ndiyo.

Ijumaa ya safari alipanda nyuma, juu ya gunia la maharage, ili aweze kuruka. Hivyo ndivyo alivyosema, na nikakubali. Tulipofika mahali barabara inapoanza kuuteremkia mlima kuelekea ziwani, mvua ikashika. Akagonga paa. Nikasimamisha gari, nikijua anashuka atembee. Mlango wa kushoto ukafunguka, akaingia, akapakata kikapu chake.

"Nyuma kunanyesha," alisema.

Tulishuka kwa gia ya kwanza. Kwenye kona ya pili kulikuwa na mwinuko mfupi wenye tope, kitaa kikawaka. Akauliza ni nini. Nikamwambia kinawaka tairi likiteleza kidogo.

"Basi kikiwaka usinisemeshe."

Ngumbo tuliingia kabla ya jua kuzama, na dada akatoka na mtoto. Mama alimpokea kwa mkono wa upande mzima, akamtazama, akaomba maji ya kunawa. Nilikuwa nimeinama nakagua sumaku za gurudumu la kushoto aliponiita.

"Baba, Jumatatu tuondoke mapema," alisema. "Na lile gunia linabaki hapa, basi hakikisha kuna kitu kizito kule nyuma badala yake. Mimi nitakaa mbele."