Bakuli la Gofuni

Mimi ni mtu wa magofu. Wenzangu wa ofisini, hapa Chake Chake, Pemba, wakipata mapumziko huenda kuogelea. Mimi huenda kutazama ukuta uliopasuka. Nikiuona mzizi wa mkuyu umekumbatia mihirabu na popo wamejipanga darini, nywele zinanisimama na roho inatulia kwa pamoja. Dada yangu husema nimekosa mchumba kwa sababu hakuna mwanamume mzima anayependa kupelekwa makaburini. Huenda ni kweli.

Gofu ninalolipenda kuliko yote ni la msikiti wa zamani, nyuma ya shamba la Bibi yangu, upande wa Vitongoji. Lina hadithi yake. Zamani, mtu akiwa na harusi na vyombo havimtoshi, alikwenda pale jioni, akapiga hodi, akaeleza shida yake. Asubuhi alikuta sahani na mabakuli yamepangwa mlangoni. Sharti lilikuwa moja tu, virudi vyote. Mpaka siku nyumba moja ikabakisha bakuli, na majini, wenyewe wa vyombo, hawakuazimisha tena. Shehe wetu husema huo ni ushirikina mtupu, ila naye akienda kondeni kwake huzunguka njia ya mbali.

Ubaya ni kwamba nyumba iliyobakisha bakuli, kwa maneno ya kijiji kizima, ni yetu. Kabatini kwa Bibi lilikuwamo bakuli la kaure lenye maua ya buluu, ambalo halijapata kutiwa hata uji. Ushahidi huo ulitosha. Hatukuenda harusi yoyote bila mtu kuwachekesha wenzake, "Angalieni vyombo, wa bakuli washafika." Bibi alicheka nao. Mimi nilikuwa najivuna, maana si kila ukoo una kesi na majini.

Mwaka huu dada yangu akaposwa na kijana wa kijiji hicho hicho. Bibi wa huyo kijana, mwanamke asiyekaa kimya hata akiwa anatafuna, akaja na ujumbe: harusi ipo, lakini bakuli lirudi kwanza. Alisema akicheka, na hakuwa anatania.

Nilimsubiri Bibi amjibu. Akasema tu, "Ntalirudisha."

Asubuhi ya kulipeleka nilimkuta jikoni anapika mkate wa kumimina. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, mwenyewe awe jirani awe jini. Nililichukua bakuli kulisuuza, nikaligeuza. Chini yake palikuwa na chapa ya kiwanda.

"Bibi, hili la dukani."

"Najua. Babuyo kaninunulia mjini Konde, mwaka tuliooana. Kalipakata ndani ya gari njia nzima, watu wamcheka."

"Na kwa nini husemi?"

"Nshasema mpaka nkachoka. Nani ataka hadithi ya duka, na gofu lipo?" Akaufuta unga mikononi. "Mie waniite watakavyo, nshakuwa mzee. Sitaki mtoto huyu akaitwe wa bakuli nyumbani kwa watu."

Babu alifariki kabla sijazaliwa, na hakuacha hata picha. Nikaendelea kusuuza bakuli lililokwisha safika.

Tulikwenda watatu, Bibi, mimi, na bibi wa bwana harusi aliyetaka kushuhudia kwa macho yake. Tukavua viatu, tukapiga hodi, moshi wa ubani ukapanda mpaka kwa popo. Gofu lilikuwa zuri asubuhi ile, mwanga umelala juu ya nakshi za mawe, na kwa mara ya kwanza nililichukia. Bibi akalisogeza mbele bakuli na mkate wake, lakini mikono haikuliachia. Mwenzake akaona anachelewesha mambo, akalichukua yeye, akaliinua juu ya kichwa ili aliweke kwenye kishubaka cha mihirabu. Chapa ikawa mbele ya uso wake. Alisimama hivyo kidogo, akamtazama Bibi, kisha akaliweka. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa saumu.

Harusi ikapita salama. Kesho yake, wanawake wamejaa barazani kwetu wanakunywa chai, bibi wa bwana harusi akatokea amelibeba bakuli, limejaa halua.

Bibi akaduwaa. "Mbona limerudi?"

"Nimekwenda kuwatazama," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Wamelikataa. Wasema si lao hili, na lao halijapotea. Tumekusumbua bure miaka yote, mwenzangu."

Hakuna aliyecheka. Wanawake waliokuwa wakiusikiliza ukweli wa Bibi na kutabasamu, sasa walitikisa vichwa kwa imani. Mmoja akasema yeye alijua tangu zamani kwamba maua yale si ya kijini.

Bibi akalipokea kwa mikono miwili. "Na halua je?"

"Yao. Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Bibi akamega, akaonja. "Ya dukani Wete hii," akasema, machozi yakimtoka. Kisha akakaa mkekani, akalipakata bakuli lake mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.