Nafasi ya Ishirini na Nne

Shemeji yangu Delmar Yingling alikuwa na bunduki ishirini na tatu, na hakuna hata moja iliyowahi kunyeshewa na mvua. Sisemi kwa chuki. Dada yangu Marlene ameishi naye miaka thelathini, kwa hiyo lazima kuna jema analoliona.

Kabati lake la chuma lilikuwa na nafasi ishirini na nne. Marlene alikuwa ameshaapa kwamba siku kabati la pili litakapoingia kwa mlango, yeye atatoka kupitia dirishani. Ikabaki nafasi moja, na kwa miaka miwili mizima Delmar alikuna kichwa akitafuta bunduki ya kuijaza. Ukimtembelea Jumapili unakuta amezungukwa na vitabu vya picha za bunduki, na pai inapoa bila kuguswa.

"Ile ya jeshi la Waswisi inalenga vizuri mno," aliniambia. "Na ukifungua kitako unakuta jina la askari aliyekuwa nayo. Lakini ile ya wenzo, inayokokwa kwa mkono wa chini, Russ, mti wake wa mjozi... ukiuona utanyamaza."

"Na kulungu utampiga na ipi?"

"Ndiyo hiyo natafuta. Sijapata iliyo sawa."

"Muulize vizuri," Marlene alisema kutoka kwenye sinki. "Muulize zile ishirini na tatu zina kasoro gani."

Hazikuwa na kasoro, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kila moja aliinunua akiamini kwamba ndiyo itakayompa kulungu. Ikifika nyumbani anavaa glavu za pamba, anaipaka mafuta, anaiandikia namba, kisha anagundua kwamba ni nzuri mno kuburuzwa vichakani. Huku kwetu kaskazini mwa Pennsylvania, msimu wa kulungu hufunguliwa mwishoni mwa Novemba, na mwishoni mwa Novemba hakukauki. Kwa hiyo Delmar alikuwa anakuja kwenye kambi yetu ya uwindaji na bunduki ndani ya mfuko wake, anachungulia mawingu, halafu anabaki kupika.

Sasa, kambi hiyo ina ukuta wake. Aliyepata kulungu dume anapigilia pembe. Aliyefyatua akakosa, Mzee Merle, mwenye kambi, anamkata pindo la shati kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, na kitambaa kinapigiliwa pamoja na jina na mwaka. Mimi nina pembe mbili na mapindo manne, na sioni haya. Delmar kwa miaka kumi na tisa hakuwa na kitu, maana mtu asiyefyatua hakosi. Na juu ya mlango, baba yake Merle aliandika kwa makaa kwamba mtu akifikisha miaka ishirini bila pembe wala shati, anakabidhiwa jiko mpaka kufa kwake.

Delmar aliiogopa sheria hiyo kama kaburi. Sisi wengine sita tulikuwa tunaisubiri. Mchuzi wake wa kuku na madonge ya unga, utajilamba vidole. Mimi, shemeji yake, nilikuwa nakaa kanisani nikiomba mvua, asitoke jikoni.

Mwaka wa ishirini ulikuja na mvua yenye barafu. Alfajiri Delmar alisimama mlangoni na bunduki namba tisa mikononi, akautazama mti wake unavyong'aa, akaitazama mvua. Mzee Merle alikuwa tayari amemtundikia aproni kwenye msumari.

"Vaa tu, mwanangu," Merle alisema. "Utazoea."

Delmar alinigeukia. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Shemeji, niazime yako."

Yangu ilikuwa ya baba yangu. Kitako kimepasuka na kufungwa utepe wa gundi, mtutu una madoa ya kutu, na pale shavu linapokaa mti umekuwa mweusi kwa shavu la baba na langu. Nilimpa. Sijui kwa nini. Nadhani nilimhurumia kuliko nilivyopenda madonge yake.

Saa tatu asubuhi tulisikia milio mitatu. Delmar alishuka mlimani ameloa mpaka soksi, kizibao chake cha uwindaji cha rangi ya chungwa kimejaa tope, na anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimekosa," alisema. "Mara tatu. Alikuwa karibu kama lile jiko."

"Risasi tatu?" Merle alimwambia huku akichukua mkasi. "Huyo kulungu atakuwa amekwenda kukushtaki."

Shati lilikuwa jipya, Marlene alimnunulia kwa msimu huo. Merle alikata pindo zima la nyuma, na Delmar akalia waziwazi mbele yetu. Hakuna aliyemcheka. Mchana tulikula maharage ya kopo.

"Nimeipata," aliniambia tukila. "Ya ishirini na nne. Ni hii yako."

Nilikataa. Alinibembeleza mpaka Krismasi, na mwishowe nikakubali kwa sharti moja: kila mwaka itoke kuwinda, hata mbingu zishuke. Aliapa mbele ya Mzee Merle, mkono juu ya kile kitambaa ukutani.

Novemba iliyofuata alinipigia simu. "Shemeji, huna bunduki nyingine yoyote? Hata mbovu?"

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Alivaa glavu, akafungua kabati. Kitako kilikuwa kimeunganishwa bila kuonesha ufa. Kutu yote imetoka. Mti ameupiga msasa na kuupaka mafuta majira yote ya baridi, na pale palipokuwa peusi, pa shavu la baba, sasa pana mistari ya mjozi inayong'aa mpaka unajiona. Kilining'inia kikaratasi safi: 24. Niliumia, nasema kweli, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu sijawahi kuona bunduki nzuri kama ile.

"Unaona mwenyewe," Delmar alininong'oneza. "Huwezi kuitoa hii kwenye mvua."

Nilimwambia basi aje kambini na sufuria kubwa ya madonge.