Jua la Chini ya Ziwa

Ukimwongelesha Cephas Okemwa upande wa kushoto, atatabasamu tu na kuendelea na shughuli zake. Watu wa Rangwe wanaomjua huzunguka kwanza, wakasimama kulia kwake, ndipo wakamwagiza picha za kitambulisho. Wasiomjua husema ana maringo. Sikio la kushoto aliliacha ziwani Homa Bay Jumamosi moja ya mwaka 1996, na laiti lingekuwa sikio peke yake.

Upigaji picha aliuanza kijana. Alitoka kwao Kisii na kamera moja kuukuu, akateremka hadi Osiri, kule Migori, kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walitaka wapigwe picha mle mle shimoni, sururu mkononi, wawapelekee wake zao. Picha za kwanza ziliharibika zote. Shimoni ni vumbi tupu, na flashi ikikaa juu ya kamera humulika vumbi kabla ya kumfikia mtu, kwa hiyo picha zikatoka madoa meupe matupu. Alitukanwa kwa Kijaluo na Kikuria mpaka akayajua matusi ya lugha zote mbili. Basi akaing'oa flashi, akaiunga kwa waya mrefu alioutengeneza mwenyewe, akampa mchimbaji mmoja aishike mbali, pembeni, chini ya kiuno. Vumbi likatoweka kwenye picha, nyuso zikabaki. Hakufundishwa na mtu, wala hakuna aliyemuuliza alijuaje.

Baadaye alioa, akahamia Rangwe kando ya barabara ya Homa Bay, akafungua studio yenye chumba cha giza cha kusafishia filamu nyuma. Kanisani, kwa Wasabato, alifanywa shemasi. Mkewe Nyanchama alipenda kumwona kila Sabato, suti imenyooka, akipokea wageni mlangoni kisha akikaa kiti cha mbele. Kwa mtu wa kuja, katika mji usio wa kwao, kiti kile hakikuwa kitu kidogo.

Ndipo akaja Walter. Walter alikuwa Mjerumani, mpiga picha wa gazeti la Kiingereza la michezo ya majini huko Ulaya, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota Musoma. Aliandamana na wenzake wanne waliokuwa wakizunguka ziwa kwa kayaki, yaani vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki, mtu anakaa amenyoosha miguu na kupiga kasia lenye bapa huku na huku. Walter alitaka kuwapiga picha kutoka chini ya maji, kayaki ikipita juu yake na kasia likizama na mapovu yake. Kamera alikuwa nayo ndani ya kasha lisiloingiza maji, flashi pia. Kitu ambacho hakuwa nacho ni picha. Siku ya Alhamisi alileta Rangwe filamu ya majaribio, isiyo ya rangi, kwa kuwa aliambiwa huko kuna mtu mwenye chumba cha giza.

Okemwa aliisafisha filamu, akaiinua kwenye taa, akacheka.

"Bwana, wewe umepiga picha ya matope. Watu wako wapi?"

"Maji yenu ni chafu," Walter akasema kwa uchungu.

"Maji haina makosa. Taa yako ndiyo imekaa mahali mbaya."

Akamwonyesha picha moja ya Osiri aliyokuwa ameitundika ukutani. Walter aliitazama kitambo kirefu, kisha akamtazama mwenyewe, na Okemwa akajisikia raha ambayo hakuwa amewahi kuisikia tangu aishike kamera. Huyu alikuwa fundi mwenzake, na alikuwa ameelewa.

Ijumaa ziwa lilichafuka kwa upepo. Jumapili wale wapiga kasia walikuwa waondoke. Ikabaki Jumamosi.

"Kesho ni Sabato," Okemwa alisema. "Siwezi kufanya kazi."

"Hakuna mwingine anajua kushika hiyo taa," Walter akajibu. "Mimi naandika jina lako chini ya picha. Mwanga: Cephas Okemwa. Watu wataisoma mpaka Ulaya."

Hapo ndipo alipomkamata. Okemwa alikuwa na muhuri wa studio nyuma ya picha elfu kadhaa zilizolala kwenye masanduku ya watu, lakini jina lake halijawahi kuchapishwa popote, hata kwenye tangazo la harambee. Nyanchama alilia usiku kucha. Asubuhi alikwenda kanisani peke yake.

Okemwa hakujua kuogelea, mtoto wa milimani atajulia wapi? Walimfunga gunia la mawe kiunoni ili asielee, na kamba kwapani ili avutwe juu pumzi ikiisha. Alisimama kwenye matope ya ziwa, maji yamempita kichwa, flashi kaishika chini ya kiuno upande wa kushoto wa Walter, kaielekeza juu kimshazari kama alivyofanya Osiri. Kayaki ikapita. Mwanga ukapiga tumbo jekundu la kayaki, mapovu ya kasia yakang'aa moja moja. Alizamishwa mara kumi na moja. Mara ya saba kitu kilipasuka ndani ya sikio la kushoto, na hakusema, kwa kuwa picha nzuri ilikuwa bado.

Habari ilifika kanisani kabla hajakausha nguo. Wiki hiyo mzee wa kanisa, Elkanah, mtu mpole, alimjia studioni.

"Ndugu, simama mbele ya kanisa useme umekosa, tumalize hii maneno."

"Nitasimama," Okemwa alimjibu. "Lakini ngojeni gazeti kwanza. Nataka muone ni nini nilienda kufanya."

Basi wakamvua ushemasi wakangoja. Alikaa benchi la nyuma miezi kumi na minne, sikio likitoa usaha, Nyanchama akikaa kando yake bila kumtazama. Kila aliyemuuliza aliambiwa angoje gazeti.

Lilifika Oktoba ya mwaka uliofuata. Aliifungua bahasha palepale kaunta ya posta. Picha ilikuwa kurasa mbili nzima, na ilikuwa nzuri hata akasahau kupumua. Kisha akaona kwamba upande wa kushoto, pale ambapo kiwiko chake kilikuwa kimeingia, wameikata. Chini yake waliandika Kiingereza, jina la Walter, na sentensi moja: hakuna taa iliyotumika, ni jua la Afrika peke yake.

Akaisoma tena. Jua gani hilo linalowaka kutoka sakafu ya ziwa? Hata mtoto angeona mwanga umetoka chini. Alitamani kumshika Walter shingoni, na kwa kuwa Walter hakuwapo alibaki kulikunja gazeti na kulikunjua, mpaka karani wa posta akamwomba asogee.

Baraza la kanisa liliketi Jumapili. Mwalimu Lorine, karani wa kanisa, alikuwa na daftari kubwa mbele yake. Elkanah alilipokea gazeti kwa Okemwa, akasoma ile sentensi polepole, akaisoma tena, uso ukamchanua kwa furaha ya kweli.

"Ndugu Okemwa, si imeandikwa hapa? Jua peke yake! Basi wewe hukufanya kazi. Ulienda tu kuoga." Wazee wakacheka, bila ubaya. "Sema hivyo, tufute hayo yote, na Sabato ijayo urudi kiti chako."

Nyanchama, aliyekaa karibu na mlango, alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Macho yake yalimwomba akubali. Neno moja tu, na suti ingenyooshwa tena.

Okemwa akasimama. Alikitaka kile kiti, Mungu anajua alikitaka.

"Nilifanya kazi," akasema.

"Ndugu..."

"Nilifanya. Mwalimu Lorine, andika hapo. Andika jina langu lote. Cephas Okemwa, siku ya Sabato, alishika taa chini ya maji, picha ikatoka."

Elkanah akalikunja gazeti. Nyanchama akainuka, akatoka nje. Lorine aliandika, kalamu ikikwaruza karatasi.

"Sasa nisomee," Okemwa akamwambia, akamgeuzia sikio la kulia ili asikose hata neno moja.