Siku Mzee Yotamu Aliposhushwa Mbalizi

Mzee Yotamu Mwasambili alikagua tiketi za treni kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyefanikiwa kumpiga chenga. Walijaribu. Wengine walijifungia chooni, wengine walijifunika blanketi wakakoroma, na mmoja alijifanya bubu kutoka Makambako hadi Chimala. Yotamu alisimama mbele ya kila mmoja wao, kifaa chake cha kutobolea tiketi mkononi, akasubiri kama mtu anayengoja maharage yaive. Mwishowe yule anayekoroma hufumbua jicho moja, naye Yotamu humwambia maneno yake ya siku zote: "Ndugu abiria, geuza tiketi, soma nyuma."

Nyuma ya tiketi kulikuwa na masharti kwa herufi ndogo, naye aliyajua yote kwa kichwa. Alilopenda zaidi ni sharti la saba: abiria asiye na tiketi halali atalipa nauli pamoja na faini, la sivyo atashushwa stesheni inayofuata.

Sharti hilo ndilo lililomtia matatani nyumbani kwake. Miaka ishirini na mmoja iliyopita mama mkwe wake, Bibi Faustina wa Mafinga, alipanda treni Makambako akiwa na tiketi ya kuishia Chimala. Chimala ikapita, bibi bado yumo, anachungulia mashamba ya mpunga. Mkwewe akafika, akaitazama tiketi, akamtazama bibi, akameza mate, kisha akamshusha Igurusi pamoja na kapu lake. Veneranda, mkewe, alipopata habari hakupika siku nne. Siku ya tano alipika, lakini jambo lenyewe alibaki nalo moyoni. Yotamu naye hakuomba radhi, kwa kuwa kwa maoni yake aliyemshusha bibi ni sharti la saba.

Huu ulikuwa mwaka wa sita tangu astaafu. Wanakaa Iyunga. Veneranda ana duka la vitenge Mwanjelwa na hutoka asubuhi na mapema. Mzee hubaki na migomba yake na redio, na treni ikipita huangalia saa na kutikisa kichwa, hata ikipita kwa wakati.

Mwezi wa sita binti yao Joyness, aliyeolewa Dar es Salaam, akapanga kumbatiza mtoto wake wa kwanza, akawatumia wazazi tiketi za ndege kwenye simu ya mama yake.

"Mtachukua teksi mpaka uwanja wa Songwe," aliwaelekeza. "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Na malori yakikwama pale Mbalizi, teksi itaruka?"

"Mtoke mapema, baba."

"Treni ipo," alisema Mzee Yotamu, na maongezi yakaishia hapo.

Treni ilikuwepo kweli. Ilikuwa na mabehewa matatu tu, na ilianza mwaka ule kuchukua watu asubuhi na jioni kati ya stesheni ya Mbeya na kituo kidogo kilicho jirani na uwanja wa ndege. Kwa ufupi wake watu wakaiita Kipisi. Mzee Yotamu hakulipenda jina hilo, lakini aliipenda treni.

Siku ya safari wakafika stesheni saa moja asubuhi, baridi ikiwatoa moshi mdomoni. Mzee alivaa koti lake la kazi, ambalo mkewe alilikata vifungo vya shaba siku alipostaafu na kulishonea vyeusi. Veneranda akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi.

"Unafanya nini huko?" mumewe akamuuliza. "Nina pasi ya mstaafu. Ni ya mtu na mkewe."

"Mimi nataka karatasi yangu," Veneranda akasema, akanunua tiketi moja.

Wakaketi katika behewa la katikati. Mbele yao alikaa mama mnene mchangamfu aitwaye Damari, anayeuza chai na chapati nje ya uwanja wa ndege na kupanda Kipisi kila siku ya Mungu. Ubavuni mwa Damari alikaa fundi mmoja mwembamba, jina lake Obeid, amekumbatia mfuko wa vifaa. Walisalimiana, "Mwagonile," wakajibizana, treni ikapiga honi, ikaondoka.

Mzee Yotamu alivumilia dakika tano. Alitazama nje, akatazama viatu vyake, akafunga na kufungua vifungo vya koti. Kisha miguu ikamnyanyua yenyewe.

"Tiketi mikononi," akasema.

Hakuna aliyemuuliza ni nani. Sauti ile ilikuwa na miaka thelathini na mmoja ndani yake, na koti nalo lilimsaidia. Behewa zima likapekua mifuko. Akapita kiti kwa kiti, akazipokea tiketi, akazielekeza kwenye mwanga, akazirudisha. Alipofika kwa Obeid alisimama.

"Hii ni ya jana."

"Jana sikusafiri, mzee. Nilinunua, halafu nikapata dharura."

"Ndugu abiria, geuza tiketi, soma nyuma."

Obeid akasoma kwa sauti, masharti yote, kama mtoto wa shule aliyekosea hesabu. Veneranda aligeuza uso dirishani. Damari alijiziba mdomo kwa kitenge.

Wakati huohuo mlango wa mbele ukafunguka, akaingia mkaguzi wa kweli. Alikuwa binti wa Kihehe aitwaye Benedicta, sare imenyooka, kifaa cha kutobolea kikining'inia kiunoni. Miezi mitatu ya mwisho kabla ya kustaafu, Mzee Yotamu ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mwalimu," Benedicta akasema kwa furaha.

"Marahaba. Endelea na kazi, usinijali. Huku nyuma nimeshakusaidia. Kuna mmoja tu, wa jana."

Benedicta akamlipisha Obeid. Akatoboa tiketi ya Damari, akatoboa ya Veneranda, kisha akanyoosha mkono kwa mwalimu wake. Mzee akaitoa pasi kwenye nailoni yake taratibu, ili kila mtu aione. Benedicta akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akairudia tena mbele.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hii haitumiki humu."

"Hiyo ni pasi ya mstaafu."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini..." Akaigeuza tu na kumwekea chini ya macho. Mzee hakuwahi kusoma upande ule kwa miaka yote sita. Pameandikwa kwa herufi ndogo: kwa treni za safari ndefu pekee.

"Soma kwa sauti, mzee," Obeid akamwambia kwa upole. "Huku hatusikii."

Behewa likavunjika mbavu. Mzee Yotamu alihisi masikio yakipata moto. Benedicta aliinama karibu yake.

"Kaa tu, mwalimu. Si mbali."

"Benedicta, sharti la saba linasemaje?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Linasemaje?"

Benedicta akalisema lote, macho chini. Mzee akatikisa kichwa kukubali kwamba hakukosea hata neno. Kisha akamgeukia mkewe, mwenye pochi, mwenye simu, mwenye kila kitu cha safari ile.

"Mama Joyness, toa hela."

Veneranda hakugeuka. Aliendelea kutazama mabua ya mahindi yakipita nje.

"Mama yangu hakuwa na wa kumlipia," akasema.

Damari, ambaye hakujua mama gani wala habari gani, akaona huruma, akafungua kibindo. "Mimi nitamlipia mzee wa watu." Veneranda akamtazama mara moja tu. Damari akakifunga kibindo, akakumbuka kupanga chapati zake.

Treni ikasimama Mbalizi. Mzee Yotamu akafunga vifungo vyote vya koti, akampa Benedicta mkono na kumwambia, "Umefanya kazi vizuri," akashuka. Benedicta alibaki mlangoni akijifuta macho.

Sasa hapo treni ingepaswa kuondoka, na mzee angebaki na heshima yake. Haikuondoka. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka Tunduma, na Kipisi ililazimika kuipisha. Mzee akawa amesimama peke yake kwenye jukwaa la stesheni, hatua mbili kutoka dirisha la mkewe, na vichwa vya behewa zima vimejaa madirishani vikimtazama.

Akaenda kwenye dirisha la tiketi. Lilikuwa wazi.

"Tiketi ya uwanja wa ndege," akasema.

"Ipo, mzee. Leta hela."

Akajipapasa. Alikuwa na kitambaa cha mkononi, funguo za nyumba, na pipi za mnanaa tatu. Akarudi taratibu hadi dirishani kwa mkewe.

"Mama Joyness."

"Abee."

"Pale dirishani wanauza."

"Vizuri."

"Ndege ni saa tano."

"Najua. Tiketi za ndege ninazo mimi."

Wakatazamana. Upande wa Songwe ikasikika honi ya treni ya mizigo, bado mbali. Damari akatoa kichwa na kueleza, kwa faida ya wote, kwamba ikishapita hiyo Kipisi haikai hata dakika mbili.

"Nilikuwa kazini," Mzee Yotamu akasema.

"Na mimi niko safarini."

"Basi nisamehe."

"Mimi hukunishusha popote," Veneranda akasema, na hapo akatoa simu, akabonyeza, akaweka spika. Simu ililia kwa muda mrefu huko Mafinga. Bibi Faustina ana miaka themanini na saba, na kwa kuwa hasikii vizuri huongea kana kwamba wenzake ndio viziwi.

"Mama, kuna mtu hapa anataka kuongea na wewe."

"Nani?"

"Mkweo."

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Yupo hapa dirishani."

Veneranda akaishusha simu nje ya dirisha. Mzee Yotamu akavua kofia, maana hakuona namna nyingine ya kusimama mbele ya mama mkwe, hata akiwa ndani ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwilima wangu. Huko baridi ipo?"

"Ipo, mama. Mama, ile siku ya treni."

"Treni ipi?"

"Nilipokushusha Igurusi."

Hata yule wa dirisha la tiketi alikuwa ametoka nje kusikiliza.

"Nakuomba radhi, mama," Mzee Yotamu akasema. Maneno yalimtoka moja moja, mazito. "Nilikudhalilisha mbele za watu, nami nakuomba radhi mbele za watu."

Kwenye simu kikatoka kitu kama kikohozi, na ilichukua muda watu kutambua kwamba bibi anacheka.

"Mkwilima, mimi nilijua tiketi imeishia Chimala. Nikajisemea, mkaguzi si ni mkwe wangu, ngoja nijaribu bahati. Kumbe hutishiki. Nikarudi kumwambia marehemu mzee wangu, binti yetu kaolewa na mtu mwenye msimamo." Akakohoa tena. "Halafu Igurusi nilipata lori la mpunga. Nilikaa mbele na dereva, kijana wa Kisangu, mwenye adabu kweli. Akaninunulia samaki. Nikafika Mwanjelwa kabla ya treni yenu."

Veneranda aliirudisha simu ndani kwa haraka.

"Mama, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Uliniuliza? Ulikuwa umeshanuna. Nikaona nisikuharibie."

Hakuna aliyethubutu kucheka kwanza. Veneranda aliaga, akakata simu, akaketi ameduwaa, mkono shavuni. Kisha akafungua pochi, akatoa noti, akaipitisha dirishani bila kumtazama mumewe. Midomo yake ilikuwa imebanwa, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Treni ya mizigo ikaanza kupita, behewa baada ya behewa, kwa kishindo. Mzee Yotamu, mwenye miaka sitini na sita, akakimbia. Mwenye dirisha la tiketi akarudi mbio pia, akatafuta mhuri, akaukosa, akaupata chini ya daftari. Kipisi ikapiga honi. Benedicta alisimama mguu mmoja ndani na mmoja nje ya mlango, akimpungia gadi wa treni asubiri, mpaka mzee akapanda akihema, tiketi juu mkononi. Benedicta akaitoboa papo hapo, kabla hajakaa. Obeid akasogea kumpa nafasi.

"Ndaga fijo," mzee akamshukuru, akampa pipi moja ya mnanaa.

Ya pili akampa Damari. Ya tatu akaiweka kwenye kiganja cha mkewe, naye Veneranda akaila.

Kituoni Songwe walishuka pamoja na Damari, aliyewaonyesha njia ya mkato hadi lango la uwanja wa ndege na kukataa kabisa wapite bila kununua chai yake. Ndani, Mzee Yotamu alivuliwa mkanda, akavuliwa viatu, akapapaswa na askari, na koti lake likapitishwa kwenye mashine mara mbili kwa ajili ya funguo. Veneranda alidhani atakasirika. Yeye alikuwa akimtazama yule askari kwa mapenzi. "Hawa," alimnong'oneza mkewe, "wanaijua kazi."

Kilichomsumbua kilikuja baadaye. Ndege ilipoacha milima ya Mbeya na kutulia juu ya mawingu, alikaa wima, kipande cha tiketi alichopewa uwanjani kikiwa mkononi, akingoja. Ikapita soda, zikapita karanga. Akamwita mhudumu.

"Binti, mkaguzi anapita saa ngapi?"

"Mkaguzi wa nini, mzee?"

"Wa tiketi."

"Huku juu hatukagui, mzee."

Mzee Yotamu aliwatazama watu waliokaa mbele yake, mmoja mmoja, hasa aliyejifunika blanketi akakoroma. Aliegemea mbele kidogo, kama anayetaka kusimama. Veneranda akamwekea mkono kwenye goti, akauacha hapo mpaka Dar es Salaam.

Joyness alikuwa akiwangoja nje, mtoto kifuani, joto limemtoa jasho.

"Treni yenu ilikuwaje, baba? Hamkupata shida?"

Mzee Yotamu alikuwa ameshampokea mjukuu na kujifanya hasikii.

"Baba yako alichelewa kidogo Mbalizi," mama yake akasema. "Bibi yako anawasalimu. Yuko mzima, mwongo yule."