Mvua ya Mawe na Gari Lisilo na Paa

Mwaka 2017, nikiwa bado mgeni Johannesburg, nilipata kibarua cha kufuta vumbi kwenye maonyesho ya magari kule Midrand. Nilikabidhiwa gari moja tu: la wazi, halina paa kabisa, kijani kilichokolea, viti vya ngozi ya rangi ya asali. Duniani kote lilikuwa hilo hilo, halina pacha. Mama wa kizungu aliyelibuni alinieleza kwamba lilitengenezwa kwa mkono ili wakubwa wake walitazame, kisha waamue kama watatengeneza mengine ya kuuza.

"Usiliguse bila glavu," alinionya. "Na mtu yeyote asiliegemee."

Siku ya mwisho, mchana, walilisukuma hadi uani, wakaliweka juu ya zulia kubwa la kijivu ili lipigwe picha. Walipomaliza, walilirudisha kwenye saruji, wakakunja zulia. Mama yule akaitwa ndani kwenye kikao, na wasukumaji wakaenda kula. Tukabaki wawili, mimi na mlinzi, Mkongo wa Bukavu.

Upepo wa baridi ukaanza kuvuma. Nikatazama juu: wingu jeusi lilikuwa limeshafunika upande wa Pretoria.

"Dada, mvua inakuya," alisema mlinzi. "Ya mawe."

Nilimpigia simu msimamizi wetu. "Subirini," akasema. "Mlango mkubwa wa ukumbi umefungwa, ninatafuta ufunguo. Msiliguse!"

Jiwe la kwanza lilipiga saruji, likaruka hadi magotini kwangu. La pili lilikuwa kubwa kama yai.

"Wakitufukuza?" nikauliza.

"Acha banifukuze."

Tukakunjua lile zulia tukalitupa juu ya gari. Upepo ukalinyanyua. Yeye akalala juu ya boneti, mikono ameitanua. Mimi nikajitupa ubavuni, nikang'ang'ania pindo. Mawe yalinipiga mgongoni kama ngumi. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikakosea, nikaanza upya. Nilipoinua kichwa niliona kofia yake haipo na damu inamtiririka hadi kidevuni. Hakuachia.

Mlango ulipofunguliwa, mvua ilikuwa imepungua. Msimamizi alikuja akifoka, "Nani kawaruhusu?" Akafunua zulia. Ubavuni, karibu na mlango wa gari, palikuwa na mchubuko mrefu. Nikatazama kifungo cha chuma cha sare yangu, nikakifunika kwa kiganja.

Yule mama, aliyekuwa ametoka kikaoni, alipitisha kidole kwenye ule mchubuko, polepole. Kisha akamwona mlinzi. Akavua skafu yake, akamfunga kichwa.

"Waache," alimwambia msimamizi. Akanigeukia. "Wakubwa wamekataa. Wameamua sasa hivi kule ndani. Halitatengenezwa."

"Anasema nini?" mlinzi akaniuliza. Nikamtafsiria.

Akalitazama gari. "Lakini iko mzima," akasema.

Nilishikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mama yule akatufungulia mlango wa gari. "Kaeni," akasema. Mlinzi akasita, akionyesha suruali yake iliyolowa. "Kaeni tu."

Tukakaa, tunatetemeka, maji yanachuruzika kwenye ngozi ile ya asali. Mama akazunguka, akaingia upande wa usukani, akaushika kwa mikono miwili. Hakuwasha injini. Tukakaa hivyo mpaka gari la kumpeleka mlinzi hospitali lilipofika.

Msimamizi hakuniita kazini tena.