Mioyo Iliyokwisha Kupasuliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa machinjioni kuchukua mioyo ya ng'ombe. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, nimepiga suruali pasi, nikarudi nimelowa damu. Mkuu wa Maabara akacheka. "Karibu, kijana. Hapa tunamsaka mchokozi."

Mchokozi mwenyewe ni mafuta. Si ya kukaangia chapati. Ni yale ambayo seli hutoa zikiumia, nayo huleta uvimbe. Moyo ukivimba, yanatoka wapi? Kwenye seli za msuli, za kuta za mishipa, au seli nyeupe zinazoingia na damu? Ukimjua anayeyatoa, huenda ukapata dawa ya kumzuia. Basi tukazitenga seli kwa vimeng'enya, aina kwa aina, tukapima.

Nilikuwa na sababu yangu. Mke wangu Veronika, binti wa wakulima wa karoti wa Mgeta, alikuwa na moyo uliovimba. Kupanda mlima kwenda kwao kulimshinda. Kila jioni aliniuliza, "Baba Anna, mmemwona?"

"Bado kidogo, Mama Anna."

Baada ya miaka mingi, vipimo vikasema ni seli za msuli wenyewe. Tulishangilia, na Veronika akapika pilau.

Kisha akaja Mkuu mpya, daktari kijana, mama mpole. Akaomba nimpeleke machinjioni. Pale mkaguzi wa nyama huupasua kila moyo kutafuta minyoo, ndiyo kazi yake, halafu moyo hutundikwa kwenye ndoano. Sisi tulimshukuru kwa kutupunguzia kazi ya kisu. Daktari alikitazama kisu kile kwa makini.

"Mzee wangu, keti kwanza," aliniambia tuliporudi maabara. "Seli haziyaweki mafuta haya akiba. Zinayatengeneza palepale zikiumizwa, na mkaguzi huukata msuli kabla moyo haujatufikia. Miaka yote tumekuwa tukipima jeraha la kisu."

"Kwa hiyo hatujui kitu?"

"Hatujui, mzee. Samahani."

Fedha za utafiti zilikuwa zimekwisha, hatukuanza upya. Jioni ile Veronika aliuliza kama kawaida, nikamwambia ukweli. Alinishika mkono. "Pole, mume wangu. Mmehangaika." Alifariki kabla ya mvua za vuli, na mimi nikastaafu muda si mrefu baadaye.

Vijana wakija kunisalimia hunifariji kwamba kosa ni mwalimu. Sawa, lakini mwalimu huyo alichelewa kufika kwangu. Nimekata tamaa, sifichi. Jioni narudi kutoka bustanini, navua viatu mlangoni, na hakuna anayeniuliza kama tumemwona.