Hina ya Shangazi

Shangazi aliolewa Idi pili, alasiri, katika chumba chetu cha vitanda vya ghorofa kule Jebel Ali, na ndoa yake nusura initie jela. Shangazi ni mimi. Siku za kazi nilikuwa mlinzi wa geti la ghala, shati la buluu na kofia. Siku ya mapumziko tulitia komeo mlangoni, nikavaa dera, mtandio na wanja, nikawa mama mmoja wa Tanga aliyekuja Dubai kumtembelea mpwa wake na asiridhike na kitu chochote.

Mchezo huo niliuanza mdogo, nikiwaigiza shangazi zangu wa kweli jikoni, mpaka wao wenyewe wakaanza kunituma nimwigize wifi yao. Baadaye nikawa mama mkwe katika kikundi cha vichekesho, tukazunguka kwenye harusi za watu, na huko hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamume amevaa gauni. Waliuliza tu anaingia saa ngapi. Hapa mambo ni mengine. Sheria haina mzaha na mwanamume aliyevaa nguo za kike: ni kukamatwa, kisha ndege ya kurudi kwenu, na kazi khalas. Nililijua hilo vizuri, na bado sikuacha. Nikilipitisha lile dera kichwani napata raha ambayo sijaipata katika nguo nyingine yoyote, na wanaume walionuna wiki nzima wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Watazamaji ndio waliotaka Shangazi aolewe. Walisema amewasema vya kutosha, sasa apate mume amtulize. Mume akapatikana: mwenzangu wa zamu getini, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye kitambi, aliyekubali kwa sharti kwamba hatasema neno hata moja.

"Hata ndoa za kweli ndivyo zilivyo, baba," Shangazi akamjibu.

Siku zote nilijichora maua mikononi kwa wanja, nikayafuta. Safari hii Mpemba anayelala kitanda cha juu yangu, ambaye dada zake ni wapambaji, alikataa katakata.

"Bibi harusi gani hana hina? Harusi hii au matanga?"

Akaja na hina ya kweli. Akanichora tangu ncha za vidole mpaka viwikoni, maua na majani, kazi safi ambayo ningemwonyesha mtu yeyote duniani isipokuwa msimamizi wangu wa kazi. Nilijipa moyo kwamba nikiiosha mapema itatoka.

Harusi ilifana. Niligoma kushuka kitandani mpaka upande wa mume uje unibembeleze, nikawarushia vijembe vya kuimba, nikalia kilio cha bibi harusi huku jicho moja likichungulia nani anatazama. Mume wangu alisimama na koti la kuazima, kimya, jasho likimtoka. Mganda mmoja alicheka mpaka akakaa sakafuni na kuomba tumhurumie.

Shughuli ilipokwisha, hina ilikuwa imekauka na kung'ang'ania. Sisi watu wa pwani tunaiamini sana ndimu. Inatoa shombo ya samaki, inatoa kutu, basi na hina je? Nikakamulia ndimu mikono yote miwili nikangoja. Mpemba alipoingia na kunikuta hivyo, alishika ukuta asianguke.

"We mwana wa Tanga, ndimu ndiyo inayoikoleza. Dada zangu wanafanya hivyohivyo."

Nilipoosha, mikono ilikuwa imeiva wekundu wa kutisha. Nilitaka kulia, na papo hapo nikajikuta naigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilipendeza mno.

Kesho yake nikaenda zamu na shati la mikono mirefu na glovu za wapakizi, Jebel Ali hiyo ya kiangazi, jasho likinijaa vidoleni. Msimamizi wetu alikuwa Mpakistani wa makamo, ndevu zimeanza mvi, mtu ambaye sikuwahi kuona meno yake. Akaja kukagua geti, akanikuta nahangaika kubonyeza redio.

"Utaishikaje redio hivyo? Vua."

Nikavua. Akaitazama mikono yangu, viganja na migongo, na mimi nikajiona nimeshapanda ndege, dera likiwa ndani ya begi la mkononi.

"Nini hii?"

Aliyenusuru mambo ni mume wangu, yule wa kutosema neno.

"Ameoa, sir. Jana. Kwa wakili aliyemwakilisha huko kwao."

Uso wa msimamizi ukafunguka. Kumbe kwao bwana harusi naye hupakwa hina. Akanikumbatia mbele ya malori.

"Mabruk. Na leo umekuja kazini? Nionyeshe picha ya bibi harusi."

Mtu mwenye akili angesema mila zetu haziruhusu. Mwenzangu alinikanyaga mguu ili niseme hivyo. Lakini nilikuwa na picha moja ya Shangazi, niliyoificha hata kwa wenzangu, na tangu nifike nchi hii hakuna mtu wa nje ya chumba chetu aliyewahi kumwona. Nilitaka aonekane, mara moja tu. Nikafungua simu.

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akairudia picha.

"Mnafanana," akasema.

"Binti ami, sir."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kwao pia mtu huoa binamu yake. Mume halali alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

"Mashallah, ni mzuri," msimamizi akasema, akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Una bahati. Mtunze."

Nikamjibu inshallah, sir. Bwana yule nimemwahidi mengi, kuwahi zamu, kunyoa ndevu, kutosinzia getini, na mengi sikuyatimiza. Hili nalitimiza mpaka leo.